Vijana wako nje ya lango letu, ndani hawaingii. Tufanyeje?

MamaMhazini_Nakuru:
Bwana asifiwe. Mimi ni mhazini wa parokia ya ACK (Kanisa la Anglikana la Kenya) upande wa Kaptembwa. Steji ya bodaboda iko hapo hapo langoni, na vijana wa plotini ni wengi kuliko viti tulivyonavyo. Tulinunua kinanda na ngoma, tukaanzisha ibada ya vijana kwa Kiingereza. Mwanzoni walijaa. Sasa wamebaki watoto wetu sisi wazee wa baraza, nao wanakuja kwa sababu chakula cha mchana kiko kwangu. Vika, kasisi wetu, anasema tuongeze spika. Mimi ndiye ninayeandika hundi, na spika siitaki mpaka mtu anieleze shida iko wapi.

Rider_wa_Steji:
Mama, heshima zako. Hiyo spika tunaisikia hadi huku, haihitaji nyingine. Jumapili asubuhi ndiyo tunabeba watu wenu kuja kanisani, sasa tuingie saa ngapi? Na Kiingereza ni cha nani? Kwa steji tunaongea Sheng na Kiswahili.

Lakini si hiyo tu. Juni 2024 tulienda maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, mmoja wetu akarudi na risasi mguuni. Jumapili iliyofuata kanisa fulani nisilolitaja lilimkalisha mheshimiwa kiti cha mbele, akapewa maikrofoni, akaacha bahasha. Yule wa mguu hakuna aliyemuulizia hata jina. Hata mcheze gitaa namna gani, hiyo tunaikumbuka.

Mkatoliki_Kayole:
Ndugu yangu amesema kweli. Huku kwetu Novemba 2024 Askofu Mkuu Anyolo wa Nairobi alizikataa pesa ambazo Rais alitoa parokia ya Soweto, akaagiza zirudishwe. Vijana ambao hawajaonekana Misa tangu Kipaimara walikuwa wanasambaza ile barua yake ya kukataa kwa WhatsApp kama matokeo ya mechi. Sisemi wote walirudi kanisani. Ila mazungumzo yalibadilika: ghafla padre akipita mtaani anasimamishwa, anaulizwa maswali.

Mzee_wa_Paa:
Kukataa pesa ni rahisi ukiwa na askofu nyuma yako. Sisi ACK, Askofu Mkuu Ole Sapit alishapiga marufuku wanasiasa kuongea madhabahuni tangu Septemba 2021, kule Butere, siku ya kumweka wakfu Askofu Rose Okeno. Wengine tulitii. Paa letu bado ni nusu, mvua ikinyesha kwaya inahamia upande wa akina mama. Hao vijana wanaotaka tukatae bahasha, wao watatoa ngapi?

Rider_wa_Steji:
Mzee, tuna chama. Kila rider anatoa mia kila siku na hakuna shilingi imewahi kupotea, kwa sababu daftari linasomwa mbele ya wote kila Ijumaa. Kwenu mnatangaza harambee, halafu hesabu tunaisikia lini? Nionyeshe daftari, nitakuletea bati.

MamaMhazini_Nakuru:
Mzee wa Paa, hapo amekushika, na mimi pia amenishika kidogo, maana daftari liko kabatini kwangu na ufunguo ninao mimi.

Spika nimeikataa, vika ataninunia wiki mbili kisha atasahau. Rider, saa nane mchana mnakuwa hamna wateja? Ukumbi uko wazi siku za kazi, una meza na soketi za kuchajia simu, na choo safi. Mje Jumatano na mkaguzi wenu wa chama, nitasoma hesabu za mwaka huu mstari kwa mstari. Kuhubiriwa hakuna. Yule wa mguu aje pia, kama anaweza kupanda ngazi. Kama hawezi, niambie tukae chini pale kwenye mti. Chai nitapika mimi. Mko wangapi, nijue maziwa?

Rider_wa_Steji:
Kumi na nne. Na mkate, mama.