Aliyeugua saratani ya ziwa ni shangazi na nyanya mzaa baba, si mama. Hatari inahesabiwaje?

BintShela
Assalam aleikum. Nauliza kwa niaba ya mwanamke wa miaka 36, Lamu. Shangazi yake aligunduliwa saratani ya ziwa akiwa na miaka 41, na nyanya mzaa baba pia aliugua, umri haujulikani. Upande wa mama hakuna. Nyumbani wanamwambia atulie, maradhi haya hufuata tumbo la mama. Tena ameacha sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu baada ya kusikia inaongeza saratani kwa asilimia 20. Hatari yake ni ipi, na aanze na kipimo gani?

KlinikiYaAsubuhi
Waaleikum salaam. Hilo la tumbo la mama si kweli. Hitilafu za jeni za BRCA1 na BRCA2, ambazo huongeza hatari ya saratani hii, hubebwa na wanaume sawa na wanawake. Baba mwenye nayo humrithisha kila mtoto kwa nafasi ya nusu kwa nusu, na yeye mwenyewe aweza kuzeeka bila kuugua, ndipo watu wakadhani ukoo ule ni salama. Na huku kwetu ambako watu huoana binamu kwa binamu, shangazi wa kwa baba aweza kuwa jamaa wa kwa mama vilevile, kwa hivyo achore ukoo wote, vizazi vitatu.

Kwa kila aliyeugua aandike: saratani ya wapi, ziwa moja au yote mawili, na umri alipogunduliwa. Hapo kwenye umri ndipo wengi hukosea, kwa sababu familia hukumbuka mwaka wa kufariki. Kama hakuna karatasi, aulize kwa tukio: ilikuwa kabla ya mvua za El Niño za 1997 au baada? Aulize pia nani alifariki kwa "tumbo kujaa maji", maana saratani ya ovari mara nyingi hutajwa hivyo, nayo ina uzito mkubwa katika hesabu hii. Wanaume wasisahauliwe: saratani ya tezi dume, ya kongosho, hata ya ziwa.

Mama, dada au binti mmoja aliyeugua huongeza hatari takriban maradufu. Shangazi au nyanya huongeza kwa kiasi kidogo kuliko hapo. Lakini wawili upande mmoja, mmoja wao chini ya miaka 50, ni sababu tosha ya kuomba ushauri wa vinasaba. Kumbukeni pia kwamba wagonjwa wengi wa saratani ya ziwa hawana jamaa yeyote aliyeugua, kwa hivyo wale wa "kwetu haipo" nao wasijilaze.

Mkomani_2
Kuhusu sindano: asilimia 20 ya nini? Swali hilo huwa haliulizwi. Utafiti wa Denmark wa 2017, wanawake wapatao milioni 1.8, ulikuta homoni za kupanga uzazi kwa jumla zinaongeza hatari kwa asilimia 20. Ukihesabu vichwa, ni mgonjwa mmoja wa ziada kwa kila wanawake 7,690 wanaotumia kwa mwaka. Kwa sindano yenyewe hawakuona ongezeko la wazi, ingawa waliougua kati ya watumiaji wake walikuwa wachache mno kukata shauri. Kwa ukoo kama huu azungumze na daktari. Akitaka njia isiyo na homoni kabisa, ipo koili ya shaba. Kuacha tu bila kuweka kitu kingine ni kujitafutia mimba asiyoipanga.

BintShela
Shukran. Shangazi yuko hai, Malindi, ila hapendi kuulizwa. Je, huyu akijipapasa kila mwezi haitoshi?

KlinikiYaAsubuhi
Haitoshi. Shanghai walifundisha kujipapasa katika jaribio la wanawake zaidi ya 266,000. Vifo havikupungua, upasuaji wa uvimbe usio na madhara ukaongezeka. Mumbai, wahudumu waliofunzwa walipima kwa mikono kila miaka miwili, na kwa waliofika miaka 50 vifo vilipungua karibu asilimia 30. Basi mkono wa nesi aliyefunzwa, mara moja kwa mwaka kwa umri huu, na yeye mwenyewe ayajue maziwa yake yalivyo: siku ya 7 hadi 10 tangu damu ya hedhi kuanza, kwa nyama za vidole vitatu bila kufinya, hadi kwapani. Donge jipya, ngozi kubonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu kuingia ndani, chuchu kutoa damu: aende wiki hiyohiyo, hata kama hapaumi. Kutouma ndiko kunakowachelewesha wengi.

Donge likipatikana akiwa na miaka 36, altrasaundi huja kwanza, kwani nyama ya ziwa la kijana imeshikana na mamogramu, yaani picha ya eksirei ya ziwa, huisoma kwa shida. Bila dalili, mwongozo wa Kenya unaanza mamogramu kwa miaka 40. Ile kanuni ya kutangulia miaka kumi kabla ya umri wa jamaa aliyeugua huhesabiwa kwa mama au dada. Kwa shangazi, daktari ataamua akiuona ukoo.

Mkomani_2
Kabla ya kupanda mashua kwenda Mokowe, apige simu: mashine ya mamogramu inafanya kazi? Msomaji wa picha yupo? Siku hiyo asipake dawa ya kwapa wala poda, chembe zake huonekana kwenye picha kama chokaa ndani ya ziwa.

KlinikiYaAsubuhi
Na shangazi asiulizwe habari za jeni kwanza. Aombwe karatasi ya majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kupimwa (biopsi). Ikiwa ER, PR (vipokezi vya homoni) na HER2 (protini), alama za saratani zinazoandikwa humo, zote ni hasi, yeye ndiye wa kupimwa BRCA kabla ya mpwa wake, kwa sababu jibu la "hakuna" kwa mtu mzima wa afya halisemi mengi ikiwa hitilafu ya ukoo haijajulikana. Picha ya karatasi hiyo kwa simu inatosha kuanzia.