Wauza saa za zamani "orijino", mmewanyonya vijana vya kutosha!

Wadau, leo salamu baadaye. Nimekasirika na nitasema yote.

Kuna biashara imeshika kasi hapa Nakuru, na naambiwa Kisumu na Kakamega hali ni ile ile. Kijana anaona mtandaoni picha ya Seiko 5 (saa ya mkono ya Kijapani) yenye uso wa rangi ya chungwa unaong'aa kama peremende. Maelezo chini yake: "Orijino kabisa, ya 1965, ilikuwa ya marehemu babu, haijawahi kufunguliwa." Bei Sh4,500, na kuna watu wengine wawili wanaitaka, kwa hiyo fanya haraka. Kijana anatuma M-Pesa. Saa inapanda matatu kutoka Kisumu, inafika steji imeviringishwa kwenye soksi. Wiki haijaisha, imezima.

Aliyelizwa safari hii ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anasoma huko Njoro. Pesa yenyewe ni ya vibarua vya likizo. Akaniletea: "Mjomba, hii saa inalala usiku." Nikamuuliza muuzaji alimwelekeza nini. "Alisema kila asubuhi niijaze kwa kuzungusha hicho kifundo cha pembeni."

Hapo damu ikanipanda. Mgongoni imeandikwa 7009, yaani namba ya mashine iliyo ndani. Mashine ya 7009 haijazwi kwa kifundo, hata uzungushe mpaka vidole vitoke malengelenge. Inajijaza yenyewe mkono ukitembea, basi. Mtu anajiita mtaalamu wa saa za kale na hajui saa anayouza inapataje nguvu! Halafu wafuasi wake mnamwandikia "boss una macho".

Tukaipeleka kwa mzee mmoja fundi wa saa hapa mjini, wale wa kibanda cha kioo mlangoni mwa duka la mwenyewe. Akabandika kioo chake jichoni, akafungua mgongo kwa ufunguo wake, si kwa kisu. Akatazama, akacheka kidogo, akampa kijana ajionee.

Skrubu zimeliwa vichwa vyote, ishara kwamba watu wameshapita humo na bisibisi za kukarabatia redio. Kile kibawa kizito kinachozunguka ili kuijaza saa kimelegea, kinasugua mfuniko, na upande wa ndani wa mfuniko kumechorwa mwezi mchanga wa chuma kilichokwanguliwa. Unga wa chuma hicho umemwagika juu ya magurudumu. Oili hakuna, imekauka imekuwa gundi. Na tukitaja gundi: uso wa saa kwa kawaida una viguu viwili vidogo nyuma yake vinavyoingia kwenye mashine. Huu vimekatwa, umebandikwa. Kwa nini vikatwe? Kwa sababu uso si wa mashine hiyo. Maandishi ya "Automatic" ni manene, yamevimba, herufi ya mwisho imepanda juu kidogo. Chini kabisa, pembezoni pa namba 6, ambapo Seiko huweka maandishi madogo sana yenye namba ya mashine, hakuna kitu. Rangi tupu.

Mzee akasema, "Kijana, hapa umeuziwa saa tatu kwa bei ya moja."

Na huo mwaka 1965, sikilizeni ujanja wake. Seiko 5 zilianza 1963, kwa hiyo ukisema 1965 unasikika kama mtu anayejua historia. Lakini mashine ya 7009 ni ya miaka ya 70, mwaka 1965 haikuwepo. Tena Seiko wenyewe wamekuandikia tarehe mgongoni, bure. Kwenye saa zao za miaka ya 70 na 80 kuna namba ya tarakimu sita: ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi. Oktoba huandikwa 0, Novemba N, Desemba D. Ya mpwa wangu inaanza na 84, yaani Aprili ya 1978 au ya 1988. Na hilo ni la mfuniko tu. Huo uso wa chungwa umri wake unajulikana na aliyeupaka. Babu gani huyo alifariki akiacha saa ambayo haijatengenezwa?

Nikampigia muuzaji. Akanijibu kwa sauti, "Mzee, vitu vya kale ndivyo vilivyo, vina hasira zake." Nikamwomba arudishe pesa. Akaniblock.

Sasa naongea na nyinyi vijana mnaotaka saa ya kwanza, kwa sababu ushauri mnaopewa kwenye yale makundi ya mtandaoni ni wa kuwapeleka machinjioni. Mnaambiwa angalieni uso usiwe na doa. Uso usio na doa kwenye saa ya miaka 40 ndio wa kuogopa! Saa iliyozeeka vizuri ina uso uliofifia kidogo, nukta zile za kung'aa gizani zimekuwa za rangi ya krimu, na za kwenye mishale zimefifia vivyo hivyo. Ukiona mishale mieupe pe na uso wa manjano, au uso mpya na kesi (bodi ya nje ya saa) iliyokwaruzika, kuna mkono umepita hapo. Nyingi za hizi za rangi kali hupakwa upya India, ziwe Seiko au HMT (saa za huko huko India), zikauzwa dunia nzima. Kupaka si dhambi. Mimi mwenyewe ningenunua ya kupakwa kama ningeambiwa ni ya kupakwa na nikapewa bei ya kupakwa. Dhambi ni hiyo ya "haijawahi kufunguliwa".

Usinunue saa ya kimakanika (isiyotumia betri) bila kuona ndani yake. Picha ya ndani, ya leo, saa hiyo hiyo, na kipande cha karatasi kando chenye jina lako. Muuzaji akisema kufungua kutaharibu saa, mwambie kwaheri. Fundi yeyote wa mtaani anaifungua na kuifunga kabla chai haijapoa. Ukiona ndani, tafuta kutu, skrubu zilizoliwa, na namba ya mashine. Tarakimu nne za kwanza mgongoni zifanane na za kwenye mashine, na zile ndogo za chini ya namba 6 zifanane nazo pia.

Mkikutana ana kwa ana, kwa mfano pale soko la Kibuye, Kisumu, Jumapili ambapo mitumba inamwagwa chini na saa ziko kwenye beseni, ishike uitazame sekunde. Mashine ya 7009 hupiga mara 6 kwa sekunde, kwa hiyo mshale wa sekunde unaonekana kama unateleza. Ukiuona unaruka mara moja kila sekunde, katika saa iliyoandikwa "Automatic", umeshika kesi ya zamani yenye mashine ya betri tumboni. Zipo, tena nyingi. Iweke sikioni pia. Mlio uwe wa mwendo mmoja, usiwe wa kuchechemea. Kuna programu za bure za simu zinazosikiliza mlio huo na kukuambia saa inakimbia au inachelewa kiasi gani. Sekunde 20 au 30 kwa siku kwa saa ya umri huo, mimi sigombani nayo.

Halafu geuza usome mgongo. "Stainless steel back" maana yake mgongo peke yake ndio chuma kisichoshika kutu. Kesi iliyobaki ni shaba ya manjano iliyopakwa kromu, na jasho la Kisumu litaila pale mkono unapogusa mpaka shaba ichungulie. Na hayo maneno ya kuhimili maji yasomeni kama historia. Mpira wa ndani una umri wa baba yako. Usinawe nayo, usiogelee nayo, usioshe nayo boda.

Wale wa "anza na Omega", saa ya Uswisi ya bei ghali, sina muda nao. Mtoto ana elfu tano.

Kwa elfu tano hiyo ningemwambia atafute HMT Janata ya kujaza kwa mkono, yenye uso mweupe wa kawaida uliochakaa. Ni saa ya kiwanda cha serikali ya India, walianza 1961 wakisaidiwa na Citizen wa Japani. Ina vito 17 (vijiwe vya kupunguza msuguano ndani), mashine nyepesi kuelewa, na fundi mzee yeyote hatishwi nayo. Inajazwa asubuhi taratibu mpaka ikatae, hapo unaacha. Lakini kabla ya kulipa, ulizia fundi wako anaosha na kutia oili kwa bei gani, kisha ujumlishe na bei ya saa. Hiyo ndiyo bei halisi. Saa ambayo hujui iliwekwa oili lini, hesabu kwamba haijawekwa. Na fundi atakayekuambia anaichovya tu kwenye petroli halafu anairudisha, mnyang'anye saa yako ukimbie.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu:

Kwanza, wanaosema "kwani alitarajia nini kwa 4,500". Alitarajia alichoandikiwa. Kama ungeandika "imepakwa, imeunganishwa, haijaoshwa, 1,500", angeamua mwenyewe. Bei ndogo si leseni ya kusema uongo.

Pili, kuna aliyenijia faragha akitaka nishushe uzi kwa sababu "namharibia kijana riziki". Sijamtaja jina wala namba. Kama umejitambua, huo ni mwanzo mzuri, sasa rudisha pesa.

Tatu, dada wa Eldoret ambaye saa yake imeanza ghafla kukimbia dakika nyingi kwa siku: usikubali kuuziwa mashine nyingine. Huenda imeshika sumaku, labda ya spika au ya kifuniko cha simu. Fundi mwenye kifaa cha kuondoa sumaku anaimaliza hapo hapo ukisubiri.

Na ndugu wa Bungoma uliyeuliza mbona tarehe ya Seiko yako imekwama nusu: pengine uliibadilisha usiku. Kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku meno ya kusukuma tarehe huwa yameshika tayari, ukiilazimisha unayavunja. Peleka mishale mpaka saa kumi na mbili (mshale mfupi kwenye namba 6) kwanza, ndipo ubadilishe tarehe. Ikikataa hata hapo, usivute tena, mpelekee fundi na umweleze ulichofanya.