Filamu ya zamani Some Like It Hot bado inachekesha, za kuiga zinachosha. Tofauti ni nini?

Pazia_Jekundu: Wakuu, naandika mchezo wa jukwaani wa dakika 40: mwanamume anajificha kwa kuvaa kike. Filamu za zamani za namna hii zinachekesha hadi mwisho, nyingi za kuiga zinachuja mapema. Kwa nini?

Mswada: Angalia sababu ya kuvaa. Katika Some Like It Hot, Joe na Jerry, wanamuziki wa Chicago mwaka 1929, wameshuhudia mauaji ya majambazi, na bendi ya wanawake iendayo Florida ndiyo njia yao ya kutoroka. Wakivua wigi wanakufa. Gauni lenyewe halichekeshi zaidi ya dakika tano. Kinachochekesha ni hofu ya kugundulika. Kwa hiyo mhusika wako akifichuliwa apoteze kitu kizito kuliko aibu. Halafu mfungie mlango wa kutokea: katika filamu ya Tootsie (1982) mwigizaji Michael, aliyepata kazi ya tamthilia ya televisheni kwa kujifanya mwanamke aitwaye Dorothy, anataka kuacha kuwa Dorothy, lakini Dorothy keshakuwa kipenzi cha watazamaji na mkataba wake unaongezwa.

Nyuma_ya_Jukwaa: Mkuu Mswada kamaliza upande wa hadithi. Kwenye uigizaji, kosa kubwa ni kubana sauti na kukata kiuno muda wote. Jack Lemmon, aliyeigiza Jerry, anachekesha kwa sababu Jerry anamwamini kwa dhati Daphne, yule mwanamke anayejifanya kuwa, hata anafurahia kuchumbiwa na mwanamume! Katika onyesho hilo mwongozaji Billy Wilder alimpa marakasi (njuga za mkononi) azitikise baada ya kila jibu, ili kicheko cha ukumbini kisimeze sentensi inayofuata. Fanya vivyo hivyo: mpe mwigizaji kanga ya kujitanda upya. Kicheko kikianza kushuka, aseme. Akisubiri kife kabisa, kasi imepotea.

Pazia_Jekundu: Nashukuru sana. Na ndevu? Mwigizaji wangu anazo nzito.

Nyuma_ya_Jukwaa: Hata Wilder alisumbuka na sura: kwenye majaribio ya rangi vipodozi vilionekana vya kijani, akapiga filamu nyeusi na nyeupe. Wewe mnyoe karibu na muda wa kupanda jukwaani. Sehemu ya ndevu paka tabaka jembamba la krimu ya rangi ya chungwa iliyoiva, kwa ngozi nyeusi ielekee wekundu. Gandisha kwa poda, ndipo upake fandesheni kwa kugongagonga sponji, usisugue. Ukianza na fandesheni nene peke yake, kidevu kitaonekana kijivu chini ya taa.

Mswada: La mwisho: ufichuzi usije kabla ya dakika ya 35. Daphne anavua wigi kwenye onyesho la mwisho kabisa la filamu.