Naomba ushauri: sukari inatuama kwenye juisi ya ubuyu

Habari zenu wadau. Natengeneza juisi ya ubuyu na kuuza hapa Dodoma mjini, ila sukari inanisumbua sana. Kwenye maji ya moto inayeyuka upesi, lakini nikiitia kwenye ubuyu uliopoa na kuwa mzito, inatuama. Mteja akifika chini ya chupa anakutana na chenga tupu. Nimekoroga zaidi, nimetumia hata sukari ya kusaga, bado. Kuichemsha juisi yenyewe sitaki, joto linapunguza vitamini C, na watu wengi wanaifuata hiyo.

Je, nikipika shira pembeni, kilo moja ya sukari niweke maji kiasi gani ili juisi isiwe nyepesi? Na niimimine ikiwa moto au ipoe kwanza?