Mbeya: mnatoza bei ya ganeti, mnapiga mchanga wa mto, na vijana mmewaachia matambara usoni

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mwenye karakana ya kupiga vyuma mchanga kwa kompresa, kuanzia Tunduma mpaka Makambako, asome, hata kama si yeye niliyempa kazi.

Tela langu linabeba mbolea. Wenye malori mnajua mbolea inavyokula chuma: chumvi yake inakaa kwenye maungio, ukungu wa huku unailowesha, kutu inachimba vishimo. Brashi ya waya na grainda zinang'arisha juu tu, kutu ya ndani ya vishimo inabaki. Ndiyo sababu nikakubali kulipa pesa ndefu lipigwe mpaka chuma kibaki kitupu. Profoma (ankara ya makadirio) ninayo: imeandikwa ganeti, yaani punje za madini magumu za kupigia chuma, kiwango Sa 2½, yaani chuma kiwe karibu cheupe, kutu ibaki vivuli tu vya hapa na pale.

Nikapita kuangalia kazi. Hakuna ganeti. Kuna lundo la mchanga wa mto umeanikwa kwenye turubai ukauke. Vumbi limetanda uwanja mzima mpaka kwa mama ntilie wa jirani. Kijana aliyeshika mpira wenye nozeli amejifunga tambara puani na kuvaa miwani ya jua. Mwenzake anazoa mchanga uliokwisha kutumika, anauchekecha, anaurudisha kwenye tangi. Nikamuuliza msimamizi ganeti iko wapi. Jibu: "Mzee, hayo ni majina tu, kinachosafisha ni upepo."

Hapana! Si majina tu. Mchanga wa mto umejaa madini yaitwayo silika. Ukirushwa kwa kompresa na kugonga chuma, punje inapasuka vipande vidogo visivyoonekana kwa macho, vinapita puani na kooni na kutua chini kabisa ya mapafu. Huko mwili hauwezi kuvitoa, unavizungushia makovu. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya. Kwa kawaida unachukua miaka 10 na zaidi kujitokeza, ila kwa wapiga mchanga, kwa jinsi vumbi lao lilivyo zito, unaweza kuja ndani ya miaka michache tu. Mwenye makovu hayo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka silika hii kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Na kuurudia mchanga uliokwisha pasuka ndiyo kuongeza vumbi hilo hilo. Tambara halizuii kitu. Mpigaji anatakiwa avae kofia nzima inayoletewa hewa safi kwa bomba lake.

Wala si habari mpya. Uingereza ilipiga marufuku mchanga wa silika kwenye kazi hii kwa kanuni za mwaka 1949. Uturuki ilipiga marufuku mwaka 2009 baada ya vijana waliokuwa wakipauisha jinzi kwa mchanga kuugua na kufa. Sisi tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003, tuna OSHA, wakala wa serikali anayeisimamia, tuna na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Lakini dogo huyu ni kibarua wa kulipwa jioni, hana mkataba, hana hata karatasi yenye jina lake. Kifua kikianza kubana miaka ijayo atamwonyesha nani kwamba alikipata kwenye tela langu? Hili linaniuma kuliko pesa.

Na pesa nayo imepotea. Chuma kilichopigwa hakilazwi nje, kinapakwa praima, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, siku ile ile, ndani ya saa chache. Tena kipakwe kikiwa na joto linalozidi angalau nyuzi 3 ile nyuzi ambayo umande huanza kushika. Wao wamelipiga tela jioni, wakaliacha uwanjani, ukungu wa Uyole ukalishukia usiku kucha. Asubuhi lina rangi ya chungwa, wakalipuliza praima juu ya kutu ile. Sasa hivi ubavu mzima una malengelenge, ukibonyeza kwa kidole rangi inabanduka kama ganda.

Msiniambie njia nyingine hazipo. Ganeti inauzwa, haina silika ya kuogopa kiasi hicho, na ukiwa na sakafu safi unaikusanya na kuitumia tena. Chenga za chuma unazirudia mara nyingi sana ukiwa na chumba kilichofungwa. Kama mtu hawezi gharama hizo, aandike kwenye profoma "mchanga wa mto", tuone nani atalipa bei hiyo.

Ninachotaka kwa karakana ile: tela lirudiwe kwa ganeti kama tulivyoandikiana au pesa irudi yote, na vijana wale wapelekwe wakapigwe picha za kifua kwa gharama ya mwenye karakana. Nimewapa barua, bado kimya. Wiki ijayo naipeleka OSHA pamoja na picha za lile lundo.

Mwenye kujua karakana Mbeya, Iringa au Njombe yenye chumba cha kufunga na kofia za hewa, aweke hapa wanatumia nini na wanatoza kiasi gani kwa mita ya mraba. Nawe uliyepigiwa mchanga kwa bei ya ganeti, weka profoma yako, ziba majina.