Mabomba ya kuvuta vumbi la mbao: bati, PVC au mpira wa mikunjo?

Mwana wa Fuoni
Assalamu alaykum wana karakana. Banda langu liko uani, Fuoni. Nina msumeno wa meza, mashine ya randa na ya msasa. Kazi ni milango na fremu, sanasana mvule na msaji. Nimepata feni ya kuvuta vumbi, mota ya hospawa 2, mdomo wake inchi 6. Mashine iliyo mbali kabisa ni kama mita 9 kutoka ilipo feni. Mmoja kaniambia nilaze PVC za maji machafu, mwengine bati, wa tatu kasema ninunue mpira nizunguke nao. Mnasemaje?

Chuma Ulete
Mpira tu yakhe. Unachomeka hapa, unachomoa, unachomeka kule. Mabati ya nini kwenye banda la uani?

Mzee wa Randa
Waalaykum salaam. Mpira una mbavu ndani, hewa inakwama. Mita moja ya mpira hula nguvu ya mvuto kama mita tatu hivi za bomba laini. Uweke kipande kifupi mwishoni, pale mashine inaposogezwa, basi.

Halafu kabla hujachagua kati ya bati na PVC, chagua upana. Vumbi na maranda yanataka hewa iende kama mita 20 kwa sekunde ndiyo yasilale njiani. Kwa mwendo huo bomba la inchi 4 linapitisha mita za ujazo 570 hivi kwa saa. La inchi 6 linapita 1,200. Tofauti ni inchi mbili tu, lakini hewa ni zaidi ya maradufu. Feni yako ina mdomo wa 6, kwa hiyo njia kuu iwe 6. Ukiibana kuwa 4 tangu mwanzo umeshaiua.

Na usilifanyie mzaha vumbi lenyewe. Mvule unawasha ngozi na kubana kifua. Tangu 1995 vumbi la mbao limo katika orodha ya IARC, taasisi ya WHO ya utafiti wa saratani, ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Maranda unayafagia, ule unga usiouona ndio unaokaa mapafuni.

Bi Msasa, Chake
Mie natumia PVC na sijuti. Za milimita 110 na 160 zipo madukani, na viungio vyake vya Y vipo tayari, huhitaji kumsubiri fundi. Kutu hazijui. Ila msitumie T wala kona kali ya digrii 90. Weka mbili za 45 zikifuatana, hewa izunguke taratibu.

Jambo jengine, angalieni feni inatemea wapi. Huku kwetu msimu wa karafuu majirani wanaanika majamvini. Ukiwapulizia unga wa msaji juu ya karafuu, utajibu kwa sheha.

Bati la Mwanakwerekwe
Dada hapo juu kasema kweli kuhusu Y. Lakini mie nakata bati, kwa hiyo nitalitetea.

Kwanza geji, yaani unene wa bati. Bati la geji 30 ni jembamba, ukifunga vilango vyote (vile vya kuziba na kufungua hewa ya kila tawi) feni inanguruma, bomba linaweza kunywea. Mwambie fundi wako geji 26, nusu milimita hivi, lililopakwa zinki. Kumbukeni geji inakwenda kinyume, namba ikishuka bati linanenepa.

Pili, namna ya kuunga. Upande uliofinywa uingie ndani ya mwenzake na uelekee kwenye feni, ili maranda yateleze yasikutane na ukingo. Kuna mafundi wanaunga kama mfereji wa mvua bila kuuliza hewa inatoka wapi, nimeshaitwa kuja kuzibua. Mshono mrefu uweke juu. Shika kila kiungo kwa riveti fupi tatu. Skrubu ndefu ikichomoza ndani hukamata nyuzi za mbao na huko ndiko bomba linapoanza kuziba. Kisha silikoni au mkanda wa alumini kuzunguka kiungo. Kiungo kinachovuja ni mvuto unaoupoteza bure.

Tatu, ukiranda mbao kuukuu za nyumba za Mji Mkongwe, msumari mmoja ukinyonywa na feni unaweza kupasua PVC kwenye kona. Bati litapiga kelele tu.

Mwana wa Fuoni
Shukran Bati. Na chumvi? Upepo wa bahari huku haukosekani.

Bati la Mwanakwerekwe
Kutu huanzia ulipokata na ulipotoboa. Pitisha rangi ya zinki sehemu hizo siku hiyohiyo. Kama banda lingekuwa ufukweni kabisa, Jambiani au Nungwi, ningekwambia nenda na PVC. Fuoni bati linakaa.

Chuma Ulete
Na PVC si inalipuka kwa umeme ule wa kusuguana?

Mzee wa Randa
Karakana ya nyumbani si kiwanda cha unga, hofu hiyo imekuzwa. Utakachopata ni kurushwa kidogo ukiigusa, na unga kuganda kwenye kuta za bomba. Watu huzungushia waya wa shaba, lakini PVC haipitishi umeme, waya unasaidia pale ulipogusa tu. Bati ni rahisi zaidi, lote linaunganishwa kwenye waya wa ethi mara moja. Hakikisha silikoni haikutenganisha vipande. Riveti ndizo zinazopitisha umeme.

Bi Msasa, Chake
Kurushwa nakubali, hasa siku za kaskazi kavu. Bado PVC yangu siitoi.

Mwana wa Fuoni
Basi njia kuu bati inchi 6 geji 26, mpira mita moja kwa kila mashine. Matawi je, yote 6?

Mzee wa Randa
Randa na msumeno wape 6 kama mdomo wa mashine unaweza kupanuliwa. Msasa 4 inatosha. Na kilango kwa kila tawi, kiwe karibu na njia kuu, ufungue kimoja kwa wakati.

Bati la Mwanakwerekwe
Pima kwanza ukuta hadi kila mdomo wa mashine, weka picha hapa. Kona nitakukunjia za mzunguko mpana, ila bila vipimo sikati.