Wasifu wa mfanyabiashara wa kusomwa kwenye khitma: tuandike nini, tuache nini?

Mjukuu wa Mkoani
Assalaam alaykum ndugu zangu. Tunaandika wasifu wa marehemu babu, usomwe msikitini siku ya khitma ya arobaini, kisha kila mtoto apate nakala. Mzee alianza kwa kubeba magunia bandarini Mkoani, Pemba, akaja kukodi mikarafuu, mwisho akawa na duka la nguo Chake Chake. Ameacha wajane wawili na watoto tisa. Tunayo madaftari yake ya hesabu, kitambulisho, na maneno ya wazee yasiyopatana: mmoja anasema msimu mmoja alivuna frasila mia, mwengine anasema miaka ya sabini alikuwa akinunua karafuu kwa wakulima. Imamu katupa dakika kumi.

Karani Mstaafu
Wa alaykum salaam, poleni sana. Dakika kumi kwa msomaji asiye na papara ni maneno 1,000 hivi. Andikeni 850, dua na majina marefu ya ukoo yatakula kilichobaki.

Hiyo frasila mia ipimeni kabla hamjaiandika. Frasila moja ni ratili 35, kilo 16 kasoro kidogo, kwa hiyo mia ni kama kilo 1,590 za karafuu kavu. Mkarafuu mkubwa kwa wastani wa miaka hutoa kama kilo 3 kavu, mwaka wa neema zaidi, mwaka mbaya karibu na bure. Basi yatakiwa mikarafuu zaidi ya 500. Tazameni daftari alikodi mingapi. Ikiwa haifiki nusu yake, ama mzee anayesimulia anajumlisha misimu kadhaa, ama anataja mbichi, na karafuu mbichi kilo 3 zikikauka hubaki kilo moja hivi.

Angalieni pia kipimo cha kila ukurasa. Wachumaji hulipwa kwa pishi, ambayo ni ujazo na ni ya mbichi. Stakabadhi ya kuuzia ina uzito na ni ya kavu. Watu huzijumlisha safu hizo mbili wakapata mavuno ya ajabu.

Mtu wa Wete
Hapo kwenye "akinunua karafuu kwa wakulima" simameni kwanza. Tangu shirika la biashara la serikali, ZSTC, lilipoundwa mwaka 1968, mnunuzi wa karafuu ni hilo hilo tu. Mtu binafsi akinunua, jina lake ni magendo. Mkiisoma sentensi hiyo msikitini mtakuwa mnamshitaki marehemu kwa kipaza sauti.

Nadhani anayesimulia anachanganya na kukodi. Anayekodi humlipa mwenye shamba kabla ya kuchuma, kisha gharama zote ni zake: wachumaji, kuchambua makonyo (vikonyo vya karafuu), majamvi, kuanika. Mvua ikimkuta katikati ya kuanika karafuu huvunda, zikapoteza rangi na daraja, na hasara ni yake peke yake, pesa aliyokodia hairudi. Akimaliza hupeleka kituo cha ZSTC kuuza kwa jina lake. Andikeni hivyo hivyo, hatua kwa hatua, maana ndipo mtaji wa mbeba magunia ulipotoka. "Alijituma sana" kila maiti husemewa.

Na hilo duka la nguo, tazameni mwaka. Watu binafsi waliruhusiwa kuagiza bidhaa nje kwa wingi katikati ya miaka ya 1980. Mkiandika kwamba mwaka 1972 duka lilijaa vitambaa vya Dubai, wazee waliopanga foleni ya mchele watacheka ndani ya msikiti.

Bi Mlandege
Kwa upande wa nyumbani, watajeni wajane kwa maneno sawa, wa kwanza kuolewa aanze. Watoto wapangwe kwa umri, msiwagawe kwa mama zao. Waliomtangulia kufa watajwe pia. Mtoto ambaye marehemu alimlea bila kumzaa asemwe "aliyelelewa naye", harithi lakini asifutwe.

Kubwa zaidi: kabla mirathi haijagawiwa, msiandike "alimjengea fulani nyumba" wala "duka alimwachia fulani". Kama ni hiba, yaani zawadi aliyotoa akiwa hai, ithibitishwe kwa mashahidi mbele ya Kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Karatasi iliyosomwa mbele ya safu nne za watu kesho italetwa kama ushahidi. Semeni "watoto wote tisa aliwasomesha", ikiwa ndivyo, na mtaje skuli.

Mwisho wa wasifu msomaji aombe wenye kumdai wajitokeze, na ataje watu wawili wa kuonana nao. Utaratibu wa mirathi ni gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi na usio wa mrithi, ndipo warithi. Thumni ya wajane, yaani moja ya nane, hugawanywa baina yao, yaani kila mmoja moja ya kumi na sita. Mahari ambayo hayajalipwa ni deni pia, na hulipwa kabla ya thumni hiyo. Watu husahau sana hapa, kwa kuwa mjane huona haya kudai.

Na wajane wenyewe siku hiyo watakuwa bado eda, miezi minne na siku kumi. Wasomeeni nyumbani kwanza. Kosa la jina la mama mkwe watalikamata wao, si nyinyi.

Karani Mstaafu
Nyongeza ya umri. Tarehe ya kitambulisho cha mzee wa umri huo mara nyingi ni ya kukisia. Waulizeni aliosoma nao chuo cha Kurani: Mapinduzi ya Januari 1964 yalimkuta anabeba gunia au bado mtoto? Na anayesema "alifika themanini" mumuulize ni miaka ipi, maana 80 ya Kiislamu ni kama 77 na nusu ya kizungu.

Mjukuu wa Mkoani
Ahsanteni. Daftari la msimu huo lina mikarafuu 160, basi kwa wastani ni frasila 30 hivi. Mia imeshatoka. Suala la mahari hakuna aliyeliuliza, bibi mdogo ataulizwa leo na shangazi.

Bi Mlandege
Bibi mkubwa naye aulizwe. Na nakala ya msomaji ichapwe herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi.